Mita Ni Wari na Nyongeza Yake

Mablanketi ya kuhamishia yana harufu yake, na aliyewahi kubeba makabati ya watu anaijua. Si harufu mbaya. Ni vumbi, ni mafuta ya gari, ni mbao za nyumba ambamo hukuishi wewe. Mwezi uliopita niliingia bohari yangu asubuhi nikakuta vijana wamemwaga sakafuni rundo la mablanketi ya zamani, wanachambua yapi ya kutupa. Harufu ikanipata puani, nikajikuta nimekaa kwenye ngazi kama mtu aliyepigiwa simu ya msiba.

"Bosi, vipi?" kijana mmoja akaniuliza.

"Endeleeni na kazi," nikamwambia. "Bosi anafikiri."

Bohari nimesema ni yangu, na ni yangu kweli. Magari tisa ya kuhamisha watu yanalala pale, na kila moja nimelinunua kwa mgongo wangu huu. Gredi ya kumi sikuimaliza. Kuna vijana wenye digrii ofisini kwangu, wanakuja na kompyuta zao kuniuliza gari lipi lipite njia ipi, na mimi nawajibu huku nakunywa chai. Nionyeshe lori lolote, hata likiwa linatembea, nikutajie urefu wake kwa futi na kwa mita, na kama nimekosea kwa zaidi ya inchi mbili nakununulia chakula cha mchana. Sijawahi kumnunulia mtu. Mtasema najisifu. Sawa, najisifu, maana sikuachiwa kitu na mtu.

Lakini haya nawaandikia ninyi wa rika langu, mlioletwa Toronto mkiwa wadogo, mkageuzwa macho na midomo ya wazazi wenu kabla hamjaota jino la mwisho. Mliosoma barua za serikali kwa sauti jikoni, mkaruka maneno msiyoyajua, na mama akasema alhamdulillahi au haleluya kwa jambo ambalo hata ninyi hamkulielewa. Ninyi mtanielewa. Watoto wangu nimewaeleza, wakacheka.

Baba yangu alikuwa dereva wa lori. Alitoa saruji Tanga akaipeleka hadi Kigoma, miaka ishirini na zaidi, na katika miaka hiyo yote hakuwahi kusafiri bila utingo. Nasema utingo kwa maana ya kazi yenyewe, siyo kijana wa kubeba mizigo tu. Utingo ni jicho la upande wa pili. Dereva anaona kwake, utingo anaona kwake, na akisema "pita" dereva anapita, akisema "bado" dereva anangoja hata kama nyuma watu wanatukana. Baba alikuwa na msemo wake: utingo haulizwi mara mbili. Ukimuuliza mara mbili, basi mshushe, panda peke yako.

Tulipoondoka nyumbani, utingo alikuwa mimi.

Tulianzia Uingereza, Leicester, kwa Baba Mdogo, tukakaa miezi minane. Yeye alikuwa na kigari cha kusambaza mikate na alituchukua mimi na Baba tukae naye mbele ili tuuone mji. Kule nilichanganyikiwa kwa mara ya kwanza. Barabara zilihesabiwa kwa maili, maziwa kwa painti, uzito wa mtu kwa kipimo wanachokiita jiwe, na Baba Mdogo alipanda mizani ya bafuni akashuka amekunja uso, akamwambia Mama, "Shemeji, nimefika mawe kumi na nne." Nilikuwa na miaka tisa. Nilimtazama tumbo siku nzima. Alivyokuwa anapanda ngazi akihema, niliona wazi kuwa mawe yapo, na nikawa naogopa kumkalia mapajani yasije yakagongana.

Ila madaraja ya Leicester niliyaelewa. Juu ya kioo cha gari Baba Mdogo alibandika karatasi yenye urefu wa gari kwa futi, na kila daraja la chini lilikuwa na kibao chenye futi zake. "Mchezo mwepesi huu," aliniambia. "Namba ya nje ikiizidi namba ya ndani, unapita. Isipoizidi, unageuza na mikate yako." Baba akatikisa kichwa kwa kuridhika, kwa sababu nyumbani hakukuwa na vibao, kulikuwa na jicho na utingo. Akanigeukia. "Umesikia, bwana mdogo? Kazi yako hiyo."

Nilisikia. Nikaishika kama Fatiha.

Kisha tukapanda ndege kuja Toronto. Rubani akatangaza kwamba tupo juu futi elfu thelathini na kitu, na tumebakiza kilomita kadhaa. Nikamuuliza Mama kwa nini juu wanapima kwa futi na mbele wanapima kwa kilomita.

"Labda juu ni kwa Waingereza," Mama akasema, akafumba macho.

Tulipangishiwa fleti kwenye yale maghorofa ya Dixon Road, ghorofa ya kumi na nne, ndege zinapita karibu hadi unasoma rangi za mkia. Na mji wenyewe, jamani, haukuwa umeamua. Vibao vya barabarani ni kilomita. Daktari ananipima kwa futi na inchi, anaandika sentimita. Nyama dukani imetangazwa kwa herufi kubwa kwa paundi, ukiigeuza pakiti ni kilo. Nyumbani nilijua kilo ni kilo. Leicester nilijua maili ni maili. Hapa kila kitu kilikuwa na majina mawili kama mtoto aliyegombewa na mashangazi.

Mama alikuwa mshonaji. Siku moja tulikwenda kununua kitambaa cha mapazia, na muuzaji akamtajia bei kwa mita. Nikamuuliza, "Mama, mita ni nini na wari ni nini?" Alikuwa na haraka, anakivuta kitambaa akione mwangani, akanijibu bila kunitazama: "Mita ni wari na nyongeza yake."

Basi. Kwa mtoto wa Tanga hilo ni jibu kamili. Kwetu mwenye duka akishakupimia wari zako, hakati pale pale kwenye alama. Anakisogeza kitambaa mbele kidogo, anakisogeza tena, ndipo anatia mkasi. Kile kipande cha juu ndicho nyongeza, na ukubwa wake hakuna aliyeuandika popote. Unategemea moyo wa mwenye duka, unategemea umemsalimia vipi, na kama ni siku ya kuamkia Idi unaweza kupata nyongeza ya kutosha mkono wa gauni. Kwa hiyo nilielewa hivi: mita ya mtu mchoyo ni fupi, mita ya mkarimu ni ndefu. Na Wakanada niliwaona ni watu wakarimu kupita kiasi. Ukiwakanyaga mguu, wao ndio wanaokuomba radhi.

Wari ni futi tatu, hilo nililijua. Nyongeza niliiacha hivyo hivyo, iwe kadiri ya moyo.

Huku nyuma Baba alikuwa kiwandani, anakata kuku. Mwaka mzima na nusu. Alitoka alfajiri akapanda mabasi mawili, akarudi vidole vimevimba kwa baridi ya mle ndani. Jambo moja tu alifanya ambalo Mama alilichukia: jioni alisimama dirishani, anatazama malori yanayoingia barabara kuu, anayataja. "Huyu kabeba kizito nyuma. Huyu breki zake hazilingani." Alifanya mtihani wa leseni mara mbili. Mara ya kwanza alianguka kwa sababu mkono ulimpeleka kutafuta gia mlangoni, maana usukani huku uko upande ambao kwetu anakaa utingo. Mara ya pili akapita. Akaiweka leseni kwenye fremu ya picha ya harusi, kwenye kona.

Ndipo akapatikana Bosi. Alikuwa mtu wa Trinidad, mfupi, mwenye kofia ya sufu kiangazi na masika, ana magari matatu ya kuhamisha watu. Baba alijuana naye kupitia mtu wa kiwandani. Bosi akamwambia: Jumamosi hii kuna mama anatoka Lawrence Heights anahamia Scarborough. Chukua gari, mhamishe, urudishe gari zima. Ukifanya hivyo, Jumatatu uache kuku, uje kwangu.

Mama alifua shati jeupe la Baba usiku ule, shati la kuhamishia makabati. Baba hakulikataa. Na aliponivika kofia asubuhi akasema, "Bosi ameniuliza kama nasoma vizuri vibao vya huku. Nimemwambia mwanangu anasoma kama mwalimu. Unakuja nami."

Sikuwahi kuwa mrefu kama asubuhi ile.

Yule mama alikuwa Mama Furaha, mjane kutoka Uvira, Kongo. Vijana wawili wa kanisani kwake walisaidia kupakia, kisha wakatangulia kwa basi kwenda kutungoja Scarborough. Mama Furaha yeye akasema hawezi kukaa mbali na vitu vyake, akapanda mbele pamoja nasi, sufuria kubwa mapajani. Baba usukanini, mimi katikati, yeye dirishani.

"Papa," akamwambia Baba kabla hata hatujaondoka, "ile kabati ni ya marehemu bwana yangu. Wameituma kutoka Belgique. Uende nayo polepole, ni kama unabeba mugonjwa."

"Mama, nimebeba vioo Tanga hadi Kigoma," Baba akasema. "Havikupasuka viwili."

"Vilipasuka ngapi?"

"Kimoja. Na hicho kilikuwa kibovu."

Mama Furaha akacheka hadi kifuniko cha sufuria kikalia. Baba naye akacheka. Nilimtazama. Miezi mingi sikuwa nimeona meno yake ya nyuma. Aliliendesha lile gari kwa vidole, kama mtu anayempapasa ng'ombe wake aliyepotea akarudi. Mkono wa kushoto ulitaka kumpeleka mlangoni kutafuta gia mara moja, mara mbili, kisha ukatulia.

Gari lenyewe lilinunuliwa Marekani. Kibandiko juu ya kioo kilisema futi kumi na moja na inchi sita. Nilikisoma kwa sauti kabla hajaniuliza. "Kumi na moja na nusu, Baba."

"Ishike hiyo," akasema. "Usiiachie."

Njia tuliyopewa haikuwa na daraja la chini. Lakini barabara ilikuwa inachimbwa, kama kawaida ya mji huu kiangazi, na mishale ya rangi ya machungwa ikatutoa kwenye njia kuu ikatuingiza mtaa mwembamba wenye magereji na ukuta mrefu wa matofali. Kona ya kwanza, kona ya pili, na mbele yetu daraja la reli. La zamani, chuma cheusi, limeinama juu ya barabara. Magari madogo yalikuwa yanapita chini yake bila wasiwasi. Nyuma yetu wamejipanga watano, sita, nao wametolewa na mishale ile ile.

Baba akapunguza mwendo hadi tukawa tunatambaa.

"Utingo! Sisi urefu gani?"

"Kumi na moja na nusu."

"Na lile?"

Nikasoma kibao. "Tatu nukta mbili."

"Tatu nini?"

"Mita, Baba."

Akasimamisha gari kabisa. "Mita zao hizo ni futi ngapi?"

Sasa nataka mkae nami pale katikati, kati ya bega la Baba na sufuria ya Mama Furaha. Kanuni ya Leicester ilisema namba ya nje iizidi ya ndani. Tatu haiizidi kumi na moja. Kwa hiyo geuza. Lakini kanuni ile ni ya futi kwa futi, na daraja la futi tatu halipo duniani, na magari yanapita mbele ya macho yangu. Kwa hiyo ni wari na nyongeza. Wari tatu ni futi tisa. Nyongeza ni tatu. Hiyo nukta mbili sikujua ni mnyama gani, nikaiweka kando. Tisa, na nyongeza tatu. Nyongeza ya nusu futi kila moja? Kumi na nusu, hatupiti. Nyongeza ya futi nzima? Kumi na mbili, tunapita na baki.

Honi ikapigwa nyuma. Kisha ya pili, ndefu.

"Papa, batu banakasirika," Mama Furaha akasema.

"Wacha wakasirike, Mama."

Kwetu utingo angeruka chini. Angesimama mbele ya daraja, angelinganisha kwa macho yake, angepiga bodi makofi mawili: pita. Nilishika kitasa cha mlango moyoni, lakini kati yangu na mlango kulikuwa na Mama Furaha na sufuria, na huku mtoto akisimama katikati ya barabara wanaita polisi. Na Baba alikuwa ananitazama. Kwa uso ule ule aliokuwa akimtazamia utingo wake wa miaka yote, mtu mzima mwenye ndevu. Nusu futi, nikasema moyoni, nusu futi ni uchoyo wa duka la kwetu. Nchi hii haiwezi kuwa na nyongeza ya hivyo.

"Tunapita?" Baba akauliza.

"Tunapita."

Nilimwona midomo inataka kuuliza tena. Haikuuliza. Akaweka gia, tukaingia.

Sauti ya paa letu na chuma cha daraja sijawahi kuisikia tena, na nimeona magari mengi yakiumia. Haikuwa kishindo. Ilikuwa kama kopo la samaki linafunguliwa na mtu mwenye nguvu sana, polepole, bila kuacha. Tulirushwa mbele. Kifuniko cha sufuria kikaruka kikagonga kioo. "Yesu wangu wa huruma!" Mama Furaha akapiga kelele, na mkono wake ukanikamata kifuani kabla mimi sijajua nimeruka. Kwenye kioo cha pembeni niliona paa la bodi limekunjwa nyuma kama ukurasa wa kitabu, na godoro la Mama Furaha limechungulia nje.

Baba alizima injini. Akavuta breki ya mkono. Akaweka mikono yake yote miwili juu ya mapaja, viganja juu, na akavitazama.

Mengine yalikwenda kwa mpango wa watu wengine. Polisi wakaja, watu wa reli wakaja na kofia zao za manjano wakatembea juu ya daraja, treni moja ikasimamishwa. Mama Furaha alishuka, akazunguka nyuma, akachungulia. Nilidhani atalia. Akarudi akaniambia mimi, siyo Baba: "Kabati imechubuka tu huku juu. Njo hivyo. Mimi nilitoka Uvira na mutoto mugongoni na mwingine tumboni. Kabati itanishinda?" Akanipa sufuria niishike, kama kunipa kazi.

Bosi alifika na gari lake la pili. Kofia yake ya sufu aliivua, ndipo nilipoona ana kipara, na sijui kwa nini kipara kile kiliniogopesha kuliko polisi. Aliliangalia gari muda mrefu. Halafu akaja kwa Baba. Mimi nilikuwa nimesimama pembeni, sufuria mikononi, na Kiingereza chao nilikielewa chote. Kwa mara ya kwanza katika nchi hii hakuna aliyeniambia nitafsiri.

"Nani alikwambia unapita?" Bosi akauliza.

Nikangoja jina langu. Naapa nilikuwa tayari. Nilishakunja tumbo, kama unavyolikunja kabla ya kofi.

"Mimi," Baba akasema. "Mimi naangalia. Mimi nasema napita."

"Kibao kile pale! Hukukisoma?"

"Sikusoma."

"Ulisema mwanao anasoma."

"Mtoto amelala," Baba akasema. "Mimi peke yangu. Mimi sijui kusoma."

Baba yangu alisoma gazeti kuanzia ukurasa wa kwanza hadi matangazo ya vifo. Baba yangu alinichapa mara moja tu maishani, na ilikuwa kwa uongo mdogo wa sukari. Sasa amesimama mbele ya watu na shati lake jeupe, anasema yeye hajui kusoma, na anasema mimi nilikuwa nimelala, nami nimesimama wima mbele ya Bosi, macho yangu yameiva kama pilipili. Bosi alinitazama. Alijua. Mtu mzima yeyote angejua. Akavuta pumzi, akavaa kofia yake tena.

"Mtu asiyesoma hawezi kuendesha gari langu," akasema kwa upole, na upole ule ndio ulioumiza.

"Ndiyo," Baba akajibu. Akampa ufunguo. Alimpa kwa mikono miwili, kama tunavyompa mtu mkubwa kitu.

Tulisaidia kuhamisha vitu kwenda gari la pili, hadi mswaki wa mwisho. Baba mwenyewe alibeba kabati la marehemu, akalivalisha mablanketi mawili na kulifunga kamba, na Mama Furaha akasimama karibu. Walipoondoka alitoa kichwa dirishani. "Papa, Mungu akuone!" Kisha tukabaki mimi na Baba kwenye ule mtaa wa magereji, hatuna gari, hatuna mzigo, na mimi nina sufuria. Alisahau kuichukua. Tulimpelekea wiki iliyofuata.

Tukapanda basi la kurudi magharibi. Tulikaa viti viwili vya pembeni, sufuria kati ya miguu yangu. Nilikuwa nimeshapiga ile hesabu mara ishirini tokea darajani, nikiongeza nyongeza, nikipunguza. Sikujua nimekosea wapi. Nilijua tu kwamba nimemrudisha kwenye kuku, na kwamba amenibeba mbele ya watu kwa uongo, na sikujua kama nimshukuru au nimwogope, au kama ananingojea tufike nyumbani.

Tulipita vituo vingi. Ndipo akasema, sauti ya kawaida, kama anauliza saa: "Hebu niambie sasa. Hiyo mita ni futi ngapi?"

Nikaanza tena kichwani. Wari, na nyongeza. Kisha nikachoka.

"Sijui, Baba."

Lilikuwa neno jipya kati yetu. Tokea Leicester nilikuwa nimeulizwa maelfu ya maswali, barua, simu, vibao, dawa, na hakuna hata moja nililolijibu hivyo.

Baba akatikisa kichwa taratibu. "Na pale ulikuwa hujui?"

"Nilikuwa sijui."

"Mbona ulisema tunapita?"

"Nilijua kama hatupiti utaona mwenyewe," nikasema, na nikaanza kulia hapo. "Wewe ni dereva. Nilijua utasimama."

Basi lilisimama, likapakia, likaondoka. Mwanamke mmoja mwenye mifuko alitutazama akageuza uso.

"Niliona," Baba akasema. "Tokea kwenye kona. Jicho liliniambia, hatupiti hapa hata kwa dua. Jicho la miaka ishirini." Alinyoosha kidole chake kilichovimba akagusa chini ya jicho lake. "Lakini jicho hili, mwanangu, tangu tushuke ndege halijanipa jambo la kweli. Lilinionyesha jua, nikatoka bila koti nikarudi sina masikio. Lilinionyesha lami, kumbe ni barafu, nikavunjika kiwiko. Natazama kulia, gari linatoka kushoto. Nikasema, basi hili limeishia Tanga. Huku anayejua ni mtoto."

"Mimi nilikuwa nakusubiri wewe," nikasema.

"Na mimi nilikuwa nakusikiliza wewe."

Alitaka kucheka, naona, kwa sababu pua yake ilitoa pumzi. Haikufika kuwa kicheko. Aliweka mkono wake kisogoni kwangu, mkono mzito, ukabaki hapo, na sote wawili tukatazama dirisha la mbele. Mimi leo ni mtu mzima na nimeajiri watu, na bado sijaelewa siku ile. Sijui ni nani kati yetu alikuwa akiendesha gari. Nimewauliza wenye digrii zao, wakaniambia ni suala la mawasiliano. Mawasiliano gani? Tulikuwa tumekaa bega kwa bega.

Yaliyo kabla ya kituo chetu niliyajua yote: duka la samosa, kinyozi, kituo cha mafuta, kisha maghorofa. Duka la samosa likapita. Kinyozi akapita. Kamba ya kengele, ile ya manjano unayoivuta ili dereva asimame, ilikuwa juu ya kichwa cha Baba, na ningeinuka kidogo ningeifikia na mimi. Nilimtazama, nikimngoja aivute. Naye alikuwa ananitazama. Kituo cha mafuta kikapita, maghorofa yetu yakapita, nguo za Mama nimeziona kabisa kwenye baraza ya ghorofa ya kumi na nne, na basi halikusimama kwa sababu hakuna aliyeliomba lisimame.